Mguu wa Baba Mkwe

Jumapili, tarehe 5 Oktoba

Mwalimu Ndwiga wa shule ya gumbaru ametuambia sisi watu wazima kila mtu aandike kidogo kila siku, hata mstari mmoja, ndio mkono usisahau. Mimi niliacha shule darasa la nne. Nimesema nitaandika mpaka kahawa iishe kuchumwa. Nikikosea atanisahihisha, yeye hacheki watu.

Naitwa Gatwiri, lakini hapa watu wananiita Mama Kinya. Kinya ni msichana wangu, anafanya kazi kwa duka la mbegu Embu mjini. Mume wangu Gikunda anafanya kazi Mitunguu kwa shamba la ndizi, anakuja Jumapili, Jumatatu asubuhi anateremka tena. Kwa hivyo katikati ya wiki tuko wawili kwa boma, mimi na baba mkwe wangu, Mzee Kaburu. Na ng'ombe.

Mama mkwe alituacha mwaka juzi. Tangu aende, hii boma imekuwa kama jiko la mawe mawili, sufuria inakaa lakini inatikisika. Mzee ana ugonjwa wa sukari, na mama mkwe ndiye alijua dawa zake, nguo zake, hata kucha zake. Mimi siwezi. Kati ya baba mkwe na mke wa mtoto kuna ile aibu ya heshima, kwetu tunaiita nthoni. Hatujawahi kusalimiana kwa mkono tangu niolewe. Siingii chumba chake. Uji naweka kwa stuli ya mlangoni, nakohoa, naenda zangu. Akimaliza na yeye anakohoa, najua kikombe kiko tayari. Mtu mgeni anaweza kufikiri tumekosana. Hatujakosana. Baba yangu Kithinji alikuwa mtu mkali, sikuwahi kumzoea. Huyu mzee nilimzoea wiki ya kwanza, aliposikia nimeunguza chakula cha wageni akasema yeye ndiye alipenda kiungue hivyo.

Haniiti jina. Ananiita mwari wa Kithinji, yaani msichana wa Kithinji. Anavyolitamka, ni kama anamsalimia baba yangu.

Mkono umechoka.

Jumanne, tarehe 7 Oktoba

Leo ilikuwa kliniki ya sukari. Siku zote mimi hukaa nje kwa benchi, Mzee anaingia peke yake, akitoka namuuliza daktari amesema nini na yeye anasema, "Amesema niko sawa." Na sikio lake la kushoto halisikii kitu! Nani anajua aliambiwa nini? Mimi usiku nikilala nawaza, labda aliambiwa aongeze dawa, labda aliambiwa apunguze. Basi leo nikasema liwe liwalo, nitaingia. Nikaingia na kikapu changu nikasimama karibu na mlango, macho yangu kwa dirisha, ndio nisimwangalie mzee akipimwa.

Sista alimtoboa kidole, sukari iko juu. Akamuuliza, "Mzee, unakula nini?"

"Nakula kile napewa."

Sista akanigeukia na jicho kama mimi ndiye ninapika sukari. Nikaona haya. Halafu akaangalia vile viatu vya mpira vya Mzee akamwambia, "Toa hizo gambuti nione miguu."

Mzee akaangalia ukuta. "Sista, hii miguu ina matope. Nitakuchafulia ofisi."

"Matope si shida, mzee wangu."

"Siku ingine."

Watu walikuwa wamepanga foleni mpaka kwa geti, na mtoto mmoja alikuwa analia kama anachinjwa. Sista akasema haya, siku ingine asikose. Akanieleza mimi dawa asubuhi na jioni, sukari kwa chai hapana, miguu iangaliwe nyumbani kila siku. Nimeshika yote. Tukirudi Mzee alitembea mbele na mimi nyuma, na nilikuwa nimefurahi sana moyoni. Kwa mara ya kwanza najua kile kimesemwa ndani.

Jumatano, tarehe 8

Chai bila sukari. Mzee amesema ni maji ya kuosha sufuria. Amekunywa yote.

Jumatatu, tarehe 13

Mvua imekuja! Ilianza na upepo, ikavunja migomba miwili ya Mzee Bundi, jirani yetu, ikatulia, ikanyesha vizuri. Nimepanda maharagwe upande wa chini.

Ijumaa, tarehe 17

Tumechuma kahawa mzunguko wa kwanza. Mzee hachumi siku hizi, kazi yake ni kuketi kwa gunia na kuchagua, mbivu huku, mbichi kule. Macho yake kwa kahawa bado ni ya kijana.

Sisi tukiwa tunafanya kazi pamoja tunaongea kupitia kwa ng'ombe. Ni mchezo wetu wa siku nyingi. Leo aliinua punje moja ya kijani akauliza, "Nani amechuma hii ikiwa bado mtoto mchanga?"

"Ni ng'ombe, Baba."

"Mwambie ng'ombe huko faktori wakipima watatucheka."

"Nitamwambia."

"Na umwambie chai ya asubuhi haikuwa chai."

"Amesema ni sista alikataza."

Alicheka mpaka akakohoa. Lakini nimeona alivuta gunia lake mbali na mimi, akakaa peke yake upande ule upepo unaenda. Nimefikiri ni heshima.

Jumapili, tarehe 19

Leo jua lilitoka zuri, barabara ilikauka, lakini Mzee alienda kanisani na gambuti. Koti, kofia, Biblia, na gambuti! Gikunda alimwambia, "Baba, unaenda kuabudu ama kukamua?"

"Mungu anaangalia roho," akajibu. Watu wakacheka na mimi nikacheka. Kurudi nilitembea nyuma yake. Ule mguu wa kulia anauburuta. Haonyeshi maumivu, anauburuta tu kama umelala.

Jioni nikamsukuma Gikunda akamuulize. Gikunda hakukaribia. Alisimama katikati ya uwanja akaita, "Baba! Mguu uko aje?"

"Uko ndani ya gambuti!"

Akarudi kwangu. "Amesema uko sawa."

"Hakusema uko sawa. Amesema uko ndani ya gambuti."

"Sasa Mama Kinya, ulitaka uwe wapi?"

Ni mtu mwema huyu mume wangu, lakini jambo lolote la baba yake analishika kama mtu anayeshika yai. Anaogopa kuuliza mara ya pili.

Ijumaa, tarehe 24

Nyuma ya ghala nimeona soksi imeanikwa. Moja tu. Mzee ameifua mwenyewe, mtu ambaye hajawahi kufua hata kitambaa cha pua. Katikati ina alama kama chai ya mkandaa, na nzi wameikalia.

Sikuigusa. Nilisimama pale nikaiangalia kama mwizi. Ningeuliza nani?

Jumanne, tarehe 28

Nimepigia Kinya. Kinya na babu yake hawana nthoni, mjukuu na babu ni watu wa utani, yeye anamwita mume wake. Nikaweka simu sauti kubwa mlangoni kwa Mzee nikasimama kando.

"Mume wangu, nasikia unavaa gambuti mpaka kanisani. Unanitia aibu mimi mke wa mjini."

"Nimetafuta viatu vyako vya mjini sikuona."

"Mguu una nini, Guka?" Hilo neno la babu ameokota Embu, Mzee analipenda.

"Ulidungwa na kisiki. Umepona. Njoo uuone mwenyewe kama wewe ni mke kweli."

Kinya amesema ni msimu wa mbegu, duka limejaa, hawezi kupewa ruhusa mpaka Desemba. Akaniambia, "Mama, si umwangalie wewe tu?" Hawa watoto wa siku hizi. Nilimwambia, "Kinya, huyo ni baba mkwe wangu."

Jumapili, tarehe 2 Novemba

Gikunda hajakuja. Lori la ndizi limekwama kwa matope huko chini, wanalala kwa mzigo. Mvua, mvua, mvua.

Jumatatu, tarehe 3

Uji umerudi nusu. Mzee hajawahi kurudisha uji.

Alhamisi, tarehe 6

Naandika hii kwa benchi ya hospitali kubwa, kalamu ni ya sista. Mwandiko ni mbaya, Mwalimu anisamehe.

Leo ilikuwa siku ya kupeleka kahawa. Asubuhi niliweka uji, nikakohoa, nikaenda kuchuma. Kurudi kuchukua gunia lingine, uji bado uko pale umeshika ngozi juu. Nikaita, "Baba!" Kimya. Nikazunguka nyumba. Nikamwona chini kwenye mistari ya kahawa, ameketi kwa matope, mgongo kwa mti, kofia imeanguka. Alikuwa anatetemeka na jasho linamtoka kwa mvua ile. Na harufu. Sitaandika ile harufu, lakini kila mtu aliyewahi kusahau nyama anaijua.

"Baba, umeanguka?"

"Nimeketi."

"Baba, ni mguu."

"Niitie Bundi."

Nikakimbia kwa Bundi. Wajukuu wake wakasema ameenda faktori na gunia lake. Nikarudi mbio, nikapiga simu ya Gikunda, haiingii. Nikapiga tena. Mzee alikuwa amefunga macho. Nikamwambia Bundi hayuko, hakuna mtu.

Akafungua macho. "Basi geuka."

Nikageuka nikaangalia kahawa. Nikamsikia anavuta gambuti, anahema, anavuta. Haitoki. Mguu umevimba ukajaa ndani. Akavuta mpaka nikasikia ametoa sauti ambayo mwanamume wa umri wake hatoi mbele ya mtu. Mimi nalia nimempa mgongo. Nafikiri tulikaa hivyo kitambo, mvua inatunyeshea wote wawili, yeye hawezi na mimi siruhusiwi.

Halafu akasema polepole, "Gatwiri."

Jina langu. Sikujua kama analijua.

"Gatwiri. Mama yako mkwe hayuko. Geuka."

Nikageuka. Nikapiga magoti kwa matope. Nilikuwa na mkasi wa kupogolea kahawa mfukoni, nikaanza kukata gambuti kutoka juu, na unajua alisema nini, mtu ana homa ya kufa? "Polepole, hizo bado ni mpya."

Ndani kulikuwa na soksi imeshikana na nyama. Na kwa soli kulikuwa na kipande cha kisiki cha kahawa, kirefu kama msumari, kimetoboa mpira kikaingia. Alikuwa amekikanyagia siku zote hizo. Sukari imekula mguu mpaka hausikii. Vidole viwili vilikuwa vyeusi kabisa. Nilishika ule mguu na mikono yangu miwili, nikaona umekuwa mwepesi, nikaona kucha ambazo hakuna mtu amekata tangu mama mkwe afe.

Pikipiki ya boda haiwezi kushuka kwetu kwa matope kama yale. Nikamwaga kahawa kutoka kwa wilbaro, ikatapakaa chini, mbivu yote ile. Nikatandika gunia, nikamwinua. Mzee Kaburu si mzito tena. Nikasukuma. Mlimani tairi linazama, natoa, nasukuma. Yeye ameshika kando na mikono miwili kama mtu anaendesha. Nikawa nimekasirika sasa, woga umegeuka hasira, nikampigia kelele ambazo sijawahi kumpigia mtu mzima.

"Kwa nini hukumwonyesha sista? Alikuambia toa gambuti! Nilikuwa pale, nilisikia!"

Akasema, "Ulikuwa ndani."

Nikaendelea kusukuma hatua kadhaa kabla ya kuelewa. Halafu nikasimamisha wilbaro. Ningekuwa nje kwa benchi yangu kama siku zote, angevua. Sista angeona kisiki siku ile ile. Ni mimi nilisimama mlangoni na kikapu changu, nimejaa mapenzi, nikamzuia kuvua kiatu.

"Sukuma," akaniambia. "Hatujafika."

Faktori ilikuwa imejaa watu. Waliona mke wa mtoto anamsukuma baba mkwe kwa wilbaro, mguu uko wazi. Wote wakaacha kazi, hata yule wa mizani. Halafu mama mmoja kwa foleni akasema, "Mama Kinya, unampima Mzee kilo?" Mwingine akamfinya. Mzee akainua mkono. "Mimi ni daraja la kwanza," akasema, "msinichanganye na mbuni, hiyo kahawa ya mwisho." Wakacheka, na kicheko kile kikawafungua miguu. Wanaume walimbeba, pikapu ya maziwa ikageuzwa, Mzee Bundi akapanda nyuma akamshikilia kichwa mpaka hapa.

Sasa wamemwekea maji ya mshipa. Daktari atakuja asubuhi.

Ijumaa, tarehe 7

Daktari ni kijana, anaitwa Ndambiri, mtu wa Embu. Aliongea na Mzee kwa Kiembu, wakaelewana. Amesema vidole viwili vimekufa na ugonjwa unapanda. Akikata leo anakata vidole tu, mguu unabaki. Wakingoja, atakata chini ya goti. Wakingoja tena, hatakuwa na mahali pa kukata.

Mzee akasema, "Nilizaliwa na vidole kumi. Nirudisheni nyumbani."

Gikunda alifika saa nne, nguo zimejaa utomvu wa ndizi, hajalala. Alisimama karibu na kitanda, akashika reli. Baba yake akamwambia, "Kijana yangu, nirudishe nyumbani." Gikunda akatoka kwa korido. Nikamfuata. Alikuwa anafuta uso na kofia.

"Mama Kinya, Mzee amekataa. Nimbebe kwa nguvu?"

"Ongea na yeye."

"Nitamwambia nini? Huyo ndiye alinifundisha kuongea."

Nikarudi kitandani peke yangu. Nikasema, "Baba, ile siku ya kliniki nilikosea kuingia. Sikujua. Leo natoka. Muulize daktari kila kitu unataka, muonyeshe kila kitu. Mimi nitakuwa nje, sitasikia."

Nikatoka. Nikafunga mlango mwenyewe.

Nimezaa, nimezika, lakini kukaa kwa ile benchi bila kujua kinasemwa nini ndani, hiyo sijawahi kuona. Gikunda aliniuliza kama nimeshikwa na baridi. Nilikuwa nashikilia benchi. Kila mtu akipita na koti jeupe naomba Mungu, kisha nasahau nilikuwa naomba nini.

Mlango ukafunguliwa. Sista akasema, "Nani hapa ni mwari wa Kithinji?"

"Ni mimi."

"Mzee amesema hatasikia neno moja mpaka uingie."

Nikaingia. Mzee alikuwa ameketi, mto mgongoni. Akasema, "Huyu daktari anaongea haraka na mimi niko na sikio moja. Simama upande wa hilo lingine, uwe sikio langu." Nikasimama kushoto. Daktari akarudia yote, na mimi nikamrudishia Mzee kwa Kimeru, kwa sauti kubwa, neno kwa neno. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza, bila ng'ombe, bila kupitia kwa mtu, "Ingekuwa wewe, ungekata?"

Nikasema, "Ningekata, Baba. Hata kahawa tawi likikauka tunakata ndio mti..."

"Usinifundishe kahawa."

Nikatafuta neno lingine, sikupata, nikasema tu ile ilikuwa ndani. "Ningekata kwa sababu sitaki kubaki na ng'ombe peke yangu."

Aliniangalia. Midomo ikaanza kucheza. Akamgeukia daktari. "Kijana, kata. Lakini hesabu vizuri. Ni viwili."

Jumamosi, tarehe 8

Wamekata. Viwili.

Jumatatu, tarehe 10

Sukari imeanza kushuka. Gikunda amerudi Mitunguu. Nilipofika Mzee alikuwa anawafundisha wagonjwa wa wodi kuchagua kahawa kwa kutumia maharagwe ya chakula cha mchana. Sista amelalamika.

Jumatano, tarehe 19

Tuko nyumbani. Sista wa wodi alinifunza kuosha kidonda na kufunga, nikafanya mbele yake mara mbili, akasema mkono wangu ni mwepesi.

Mbele ya sista ilikuwa rahisi. Leo tukiwa wawili tu ndani ya nyumba yake, nilipotea. Niliketi kwa stuli na beseni, yeye kwa kiti. Niliangalia mguu tu. Yeye aliangalia paa tu. Alisema lile bati la tatu limeanza kupata kutu. Nikasema ndiyo. Akasema Gikunda aambiwe. Nikasema ataambiwa. Tulimaliza paa lote tukaanza ukuta. Nilipofunga fundo la mwisho akapumua kama mtu aliyetua mzigo, na mimi pia.

Jumatatu, tarehe 24

Mzunguko wa pili wa kahawa. Ile niliyomwaga siku ile iliozea pale pale, imeshaota majani juu yake.

Alhamisi, tarehe 27

Nimesikia maneno. Ati Mama Kinya anashika miguu ya baba mkwe, ati ni laana gani ameleta kwa boma. Sijalala vizuri. Leo nimechelewa kwenda kumfunga, nilikuwa nazunguka jikoni kama kuku.

Mzee Bundi alikuja akamkuta mguu uko kwa beseni. Nilitaka kuondoka, Mzee akasema, "Kaa." Bundi akageuza uso.

"Kaburu, kwa hivyo umeoshwa miguu na mke wa mtoto."

"Nimeoshwa."

"Watu wanasema."

"Waache waseme, wana vidole vyote. Wewe pia una sukari, Bundi. Yako inaonwa na nani?"

Bundi alikunywa chai ile isiyo na sukari mpaka mwisho. Akienda aliniambia asante mara mbili. Nafikiri asante moja haikuwa ya chai.

Jumapili, tarehe 30

Gikunda amefunga kidonda leo, mimi nikiwa namwelekeza kutoka nje. Amefunga kama mtu anayefunga mkungu wa ndizi. Baba yake amemwambia akirudi Mitunguu aende na hiyo bandeji.

Jumanne, tarehe 9 Desemba

Kliniki. Bundi alikuwa kwa foleni, na mke wa kijana wake. Yule msichana ameketi nje kwa benchi. Nilikaa na yeye kidogo. Nilimwambia tu akae hapo hapo leo, asiingie, atajua siku ya kuingia.

Jumanne, tarehe 16 Desemba

Sista amefungua bandeji akasema kidonda kimefunga. Ngozi mpya ni nyororo, ya waridi kama ya mtoto. Amesema tusifunge tena. Amenishika mkono, amesema nimefanya kazi nzuri.

Nilifurahi mpaka kwa duka. Kutoka duka mpaka nyumbani nikaanza kuwaza, na unajua mimi nikianza kuwaza. Ikiwa hakuna kidonda, hakuna bandeji. Ikiwa hakuna bandeji, mimi naingia kwa chumba cha baba mkwe kufanya nini? Alisema nigeuke kwa sababu ya ugonjwa. Sasa amepona. Labda kesho kila mtu anarudi mahali pake, na ni sawa, ndivyo watu wenye heshima wanaishi. Nimejiambia ni sawa. Nimejiambia hivyo mara nyingi.

Mzee alitembea mbele, na fimbo.

Jumatano, tarehe 17 Desemba

Kahawa imeisha. Jana walipima gunia letu la mwisho, kwa hivyo Mwalimu, hapa ndio mwisho wa kuandika kwangu.

Asubuhi nilipika uji nikafika mlangoni kwake, nikasimama. Sikujua niuweke nje ama niingie nao. Nilikuwa nimeshika kikombe na mikono miwili, mvuke unanipanda usoni, kama bibi arusi mjinga. Ndani nikasikia, "Huyo mtu wa mlangoni anangojea uji upoe?"

Nikaingia. Alikuwa ameshaketi kwa kiti, taulo kwa magoti, beseni la maji chini. Alikuwa ameyachota mwenyewe, nusu amemwaga njiani, sakafu imelowa.

"Baba, kidonda kilifunga."

"Najua. Ni mguu wangu."

"Basi..."

"Basi huu mwingine je?" Akaweka fimbo kando, akavua kiatu cha kushoto, akaninyooshea mguu mzima, ule ambao haujawahi kuwa na kitu. "Huu hakuna mtu ameangalia."

Nikaketi. Nikauweka mapajani nikaangalia vidole vyote vitano, katikati yake, chini, kisigino. Hakukuwa na kitu. Niliangalia tena tangu mwanzo, polepole, na yeye hakuangalia paa.